Amonia ya Kukomazia Tangi la Samaki: Uchaguzi Wake na Majina Yake

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kusoma ndani yake maneno ya kazi: majina ya sehemu za jahazi, ya mitego ya wavuvi, ya vyombo vya wahunzi na wasusi. Kazi ninayotaka kuieleza hapa ni ndogo, tena ya kigeni, nayo ni kufuga samaki wa mapambo katika tangi la kioo. Yamkini msomaji atauliza ina haja gani katika jarida la lugha. Jawabu langu ni kwamba katika kazi hii samaki hufa kwa ajili ya maneno. Chupa ya dawa huja na maelezo ya Kiingereza au Kijerumani. Mwenye tangi huyasoma nusu, mwenye duka humfasiria nusu ya pili kwa kukisia, na neno moja likipotea baina yao, kulipokucha samaki wote huonekana wameelea tumbo juu. Basi nitaieleza shughuli yenyewe jinsi ilivyo, na hasa sehemu yake moja ambayo hukosewa zaidi kuliko nyingine, yaani kuchagua amonia ya kuanzia. Maneno nitayashika kila yanapojitokeza njiani.

Samaki hutoa amonia kwa matamvua yake kila saa, kama sisi tunavyotoa pumzi. Mabaki ya chakula na kinyesi navyo vikioza hutoa amonia hiyo hiyo. Ziwani au baharini hupotea katika wingi wa maji. Katika tangi la lita 100 haina pa kwenda, na samaki hukaa ndani ya sumu yake mwenyewe. Kinachomwokoa ni vijidudu vinavyoota juu ya changarawe, juu ya kioo, na zaidi ya yote ndani ya chujio. Bakteria wa kundi la kwanza huila amonia na kuigeuza nitriti. Nitriti nayo ni sumu: huingia katika damu ya samaki na kuibadili isiweze kuchukua oksijeni, hata damu ikawa ya rangi ya kahawia. Bakteria wa kundi la pili huila nitriti na kuigeuza nitrati, ambayo haina madhara makubwa ila ikirundikana. Hiyo huondolewa kwa kubadilisha maji, au huliwa na mimea.

Tangi jipya halina bakteria hawa ila wachache mno, nao huongezeka polepole sana. Ndiyo sababu tangi linalong'aa kwa usafi ndilo la hatari, na tangi ambalo chujio lake limekwisha kuvaa utando wa rangi ya udongo ndilo salama. Anayeliosha chujio kwa maji ya bomba yenye klorini, akidhani anafanya wema, huwaua walinzi wake wote kwa mkono wake.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walipitisha maji machafu polepole katika bomba lililojaa mchanga na chokaa. Muda wa siku kama 20 haikutokea nitrati. Kisha ikaanza kutoka, na amonia ikatoweka. Walipoingiza mvuke wa klorofomu kazi ilisimama. Hapo walijua kwamba mfanyaji ni kitu chenye uhai, wala si mchanga. Mtu aliyepata kuandaa tangi la samaki atalitambua bomba lile mara moja, na zile siku 20 za kungoja pia. Karibu na mwaka 1890 Sergei Winogradsky, Mrusi aliyekuwa akifanya kazi Zürich, aliwatenga bakteria wenyewe na kuonyesha kwamba hawali nyama wala sukari: nguvu zao huzipata katika amonia au nitriti tu, na miili yao huijenga kwa kaboni dayoksaidi iliyomo majini. Kwa muda mrefu baadaye vitabu vya wafugaji samaki vilirudia majina mawili, Nitrosomonas kwa kazi ya kwanza na Nitrobacter kwa ya pili. Uchunguzi wa Hovanec na wenzake, uliotolewa mwaka 1996 na 1998, ulionyesha kwamba katika matangi ya maji baridi kazi ya pili hufanywa na Nitrospira, si Nitrobacter. Mwaka 2005 palitangazwa kiumbe wa jamii nyingine kabisa, akea, anayekula amonia, naye alitolewa katika changarawe ya tangi la maonyesho ya samaki mjini Seattle. Na mwaka 2015 walipatikana Nitrospira ambao mmoja wao peke yake hufanya kazi zote mbili. Vitabu vingi vya wafugaji vingali na majina ya zamani, na mtu atakayevifasiri kwa Kiswahili asivifuate kwa upofu.

Sasa tuje kwenye jina la shughuli. Kiingereza kimelitoa katika neno la mzunguko, kwa kuwa wataalamu husema juu ya mzunguko wa nitrojeni. Tukilifasiri neno kwa neno tutapata "kuzungusha tangi," na mtu aliyeambiwa alizungushe tangi la lita 100 ana haki ya kuwaita vijana waje wamsaidie kulishika. Nimefikiri maneno matatu ya kwetu. La kwanza ni kuchachusha: lina uzuri wake, kwa kuwa linadokeza kitu hai kinachofanya kazi ndani kama hamira katika unga, tena kwa kweli maji haya huelekea kwenye uchachu, kama nitakavyoeleza. Lakini msikiaji atatazamia povu na harufu ya pombe. La pili ni kuvumbika, kama mtu avumbikavyo ndizi zipate kuiva. Hapo wazo la kungoja limo, ila wazo la kufunika limo pia, na tangi lililofunikwa lisipate hewa haliivi kamwe, maana bakteria hawa wahitaji oksijeni nyingi. La tatu ni kukomaza. Twasema tunda limekomaa, mtu amekomaa, na kinyume chake kipo tayari: mtoto mchanga, embe changa, tangi changa. Mimi nachagua hili, nalo ndilo nitakalolitumia: kukomaza tangi, na tangi lililokomaa.

Desturi ya zamani ilikuwa kutia samaki wachache wagumu katika tangi changa, watoe amonia, waungue matamvua, na wakinusurika ndipo waletwe samaki wa thamani. Hao nawaita samaki wa kafara, na sidhani kwamba jina hilo ni kali kupita kiasi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilienea njia nyingine, ya kukomaza bila samaki: amonia hutiwa na mtu mwenyewe, kwa kipimo, mpaka bakteria wawe wengi wa kutosha. Hapo ndipo swali letu linapozaliwa. Amonia hiyo itoke wapi?

Neno lenyewe lina safari ndefu. Asili yake ni chumvi iliyoitwa na watu wa kale chumvi ya Amuni, kwa jina la mungu wa Wamisri ambaye hekalu lake maarufu lilikuwa katika oasisi ya Siwa. Misri ilikuwa ikiitengeneza chumvi hii kwa masizi ya samadi ya ngamia iliyochomwa, na Waarabu huiita nushadir. Mafundi wa kupaka bati vyombo vya shaba katika nchi za Mashariki wameitumia tangu zamani. Joseph Priestley aliipata hewa yake peke yake mwaka 1774, na Bergman wa Uswidi akalitengeneza jina la amonia mwaka 1782. Na anayetaka kuijua bila kitabu aingie bandani mwa kuku ambamo hamjafagiliwa siku nyingi: ule ukali unaopanda puani na kuleta machozi ndio amonia.

Asili ya kwanza inayofaa ni amonia ya maji, yaani hewa ya amonia iliyoyeyushwa katika maji na kuuzwa chupani kwa kusafishia vioo na sakafu. Iliyo safi ni njema sana. Shida ni kwamba nyingi si safi: zimetiwa sabuni, manukato, au rangi. Sabuni hudhuru matamvua ya samaki, na manukato huachwa majini bila mtu kujua ni kitu gani. Karatasi ya chupa isomwe: haifai kuwa na kitu ila maji na amonia. Kisha chupa itikiswe. Mapovu yakitoweka upesi ni dalili njema. Yakikaa juu kama ya nguo zinazofuliwa, chupa hiyo irudishwe ilikotoka. Wala amonia isikutanishwe kamwe na dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, maana mchanganyiko huo hutoa hewa inayodhuru mapafu.

Asili ya pili ni chumvi za amonia. Iliyo maarufu ni kloridi ya amonia, ambayo ndiyo nushadir yenyewe. Hupimwa kwa mizani, haivuki, haiungui puani, na iliyotengenezwa kwa maabara ni safi kabisa. Bonge la fundi wa kupaka bati lisitumiwe, hata kama ni kitu kile kile kwa jina, kwani limekwisha kugusana na shaba, na shaba kidogo tu majini ni mauti kwa konokono na kamba wa tangini na ni hatari kwa samaki. Kaboneti ya amonia, ambayo waokaji wa Ulaya huitia katika biskuti, nayo yafaa ikiwa safi. Zamani waliipata kwa kuchoma pembe za paa-dume wa kwao, na jina la pembe lingali limeng'ang'ania katika Kiingereza na Kijerumani ingawa pembe hazichomwi tena.

Tatu ni mbolea, na hapa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki watakuwa karibu zaidi na duka la pembejeo kuliko duka la samaki. Salfeti ya amonia, iitwayo SA na wakulima, ina nitrojeni asilimia 21, yote katika umbo la amonia. Iliyo safi, isiyotiwa rangi wala dawa, yaweza kutumika. CAN haifai: karibu nusu ya nitrojeni yake ni nitrati tayari, kwa hiyo mtu ataiona nitrati katika kipimo chake siku ya kwanza na kudhani kwamba bakteria wamekwisha kazi ambayo hawajaianza. DAP huleta fosfeti nyingi, na tangi likageuka kijani kwa mwani. Urea yenye nitrojeni asilimia 46 ni jambo la kufikiriwa zaidi. Urea si amonia. Sharti kwanza ivunjwe na vijidudu vingine, na katika tangi changa hao nao ni wachache. Aliyetia urea leo akapima kesho akakuta amonia haipo, hujaribiwa kuongeza, akaongeza tena, kisha yote huvunjika kwa pamoja na amonia ikapanda kupita kiasi. Sababu hii hii yahusu mkojo, ambao watu huuliza habari zake kwa kicheko. Mkojo mbichi ni urea hasa, na kiasi chake hakijulikani. Kicheko kiwekwe kando: haufai kwa sababu haupimiki.

Mwisho ni vitu vya kuoza: chakula cha samaki kinachotiwa kila siku katika tangi tupu, au kamba mmoja mbichi anayefungwa katika kitambaa na kuzamishwa. Njia hii haitaki duka wala mizani, na amonia yake ni ya kweli. Lakini kamba atatoa kiasi gani leo, na kiasi gani kesho kutwa? Hakuna ajuaye. Maji huwa meupe kama yaliyooshewa mchele, kuvu hutanda juu ya nyama, na uvundo huijaza nyumba. Bakteria waozeshao, ambao si wale tunaowataka, huongezeka upesi na kuinyonya oksijeni. Nakubali kwamba mtu asiye na njia nyingine atafika kwa kamba wake. Atafika amechelewa, tena bila kujua amefika wapi.

Chakula cha samaki kina faida moja ambayo haina budi kutajwa. Bakteria wetu, kama viumbe wote, huhitaji fosforasi kidogo, na amonia safi katika maji safi sana haina fosforasi. Hutokea kwamba amonia huliwa vizuri lakini nitriti imesimama palepale majuma mawili. Chembe chache za chakula huwa zinatosha kuifungua njia.

Kwa hiyo katika uamuzi wangu waliobaki ni wawili: amonia ya maji iliyo safi, na kloridi ya amonia. Watu wengi huchagua baina yao kwa kutazama ipi inapatikana, na hapo hawakosei sana. Lakini iko tofauti moja ya kikemia ambayo maelezo ya chupani huipita kimya. Bakteria wanapoigeuza amonia hutoa asidi, na asidi hiyo hula kaboneti iliyomo majini. Miligramu moja ya nitrojeni ya amonia hula kaboneti inayolingana na miligramu 7.14 za kalsiamu kaboneti. Dozi ya miligramu 2 za amonia kwa lita, ikiwa imetoka katika kloridi au salfeti, itakula karibu miligramu 12 kwa lita. Amonia ya maji yenyewe ni alkali, hivyo inapoingia hurudisha nusu ya hasara mapema, na hasara halisi huwa karibu miligramu 6. Katika maji ya kisima chenye chokaa jambo hili halionekani. Katika maji ya mvua, au ya mito ya milimani, dozi kumi za kloridi huweza kuimaliza kaboneti yote. pH hushuka chini ya 6.5, kisha chini ya 6, na kazi hulegea mpaka ikakaribia kusimama. Mwenye tangi hudhani bakteria wamekufa, kumbe wameishiwa. Dawa yake ni bikaboneti ya soda kidogo, au makombe ya baharini yaliyopondwa na kutiwa katika chujio, ambayo asidi yenyewe huyayeyusha kwa kadiri inavyotoka.

Kwa kipimo, tangi la lita 100 linalotakiwa kufikia miligramu 2 kwa lita huhitaji miligramu 200 za amonia. Hizo zimo katika mililita 2 hivi za amonia ya maji ya asilimia 10, au gramu 0.63 za kloridi ya amonia, au gramu 0.78 za salfeti. Miligramu 2 yatosha. Wengine hutia 4, na hapana dhara. Kupita 5 ni kuwachelewesha bakteria wenyewe, kwa maana kitu wanachokila kikizidi huwazuia. Amonia ikishuka, dozi nyingine hutiwa. Maji yawe na joto la nyuzi 25 hadi 28, klorini iwe imeondolewa, na hewa ipulizwe mchana na usiku. Majuma matatu hadi sita ni muda wa kawaida. Anayepata kipande cha sifongo cha chujio kutoka tangi lililokomaa la jirani mwenye samaki wazima ameufupisha sana.

Kipimo cha amonia chataka uangalifu mmoja zaidi. Majini amonia ina hali mbili: amonia huru, ambayo ndiyo imuuayo samaki, na ile iliyofungika, ambayo madhara yake ni madogo. Vipimo vya dukani kwa kawaida huonyesha jumla ya zote mbili. Mgawanyo wao hutegemea pH: katika nyuzi 25, pH ikiwa 7, iliyo huru haifiki asilimia moja; ikiwa 8 ni kama asilimia 5; ikiwa 9 inapita theluthi. Jambo hili latuhusu sisi kwa njia ya pekee. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH ya karibu 9, na samaki wake wadogo wa miambani wamesafirishwa miaka mingi kwenda Ulaya na Marekani, ambako wafugaji huyaiga maji ya ziwa kwa chumvi. Kadhalika samaki wa Ziwa Nyasa, waliolipeleka neno "mbuna" la lugha za ufukoni kwao mpaka katika vitabu vya Kijerumani. Kiasi cha amonia ambacho samaki wa mito ya Amazoni, wa maji laini yenye asidi, angekivumilia, humuua samaki wa Tanganyika kabla ya jua kuchwa. Samaki wetu hao ndio wa mwisho kufaa kuwa kafara, na kwa ajili yao tangi likomazwe bila samaki.

Limebaki neno moja, nalo ndilo lililonifanya niandike. Sumu ya pili na mabaki yasiyo na hatari sana hutofautiana, katika lugha za Ulaya, kwa irabu moja. Tukiyaandika kwa kufuata matamshi ya Kiingereza tutapata naitraiti na naitreti, yaani silabi tano kwa nne, zikiwa zimejaa irabu zinazokimbizana, na msikiaji dukani hazisikii sawasawa. Tukifuata herufi tutapata nitriti na nitrati. Wengine wataona kwamba haya yanafanana zaidi. Mimi naona ndiyo yanayotengana zaidi masikioni. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na irabu inayotofautisha imeketi hapo hapo penye mkazo: ni-TRI-ti, ni-TRA-ti. Lugha yetu yenyewe inapaza sauti mahali panapohitajika. Katika maandishi ya shule nimeona maumbo yote manne, pengine mawili katika ukurasa mmoja. Kwa maneno mengine hilo ni la kuvumiliwa. Kwa haya si hivyo, kwa kuwa maagizo ya siku ya mwisho yamesimama juu yake: dozi ya miligramu 2 ikitiwa jioni, na jioni ya pili ikapimwa, amonia isionekane, nitriti isionekane, na nitrati iwe nyingi. Atakayesoma nitrati mahali pa nitriti atalikataa tangi lililo tayari, na atakayesoma kinyume atawatia samaki sumuni.

Matokeo hayo yakirudiwa siku mbili mfululizo, maji mengi hubadilishwa ili nitrati ipungue, na samaki huingizwa siku ile ile au ya pili yake. Ikiwa hawajafika, amonia iendelee kutiwa kidogo kidogo, maana bakteria wasiolishwa hudhoofika.